Kuhesabu ndege si kazi ya wazungu

Haya, nimerudi. Najua kimya changu kimezidi, na wengine mmeshaniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu au nimeoa. Sijaacha na sijaoa. Nilikuwa Watamu, nahesabu ndege.

Umesoma vizuri. Nilikuwa nahesabu ndege, wale vijindege wa rangi ya matope wanaokimbiakimbia ufukoni maji yakipwa, ambao mimi na wewe tumewapita maisha yetu yote bila kugeuza shingo. Hakuna aliyenituma. Gazeti halikunituma, posho sikupewa, nauli ya matatu kutoka Mombasa nilitoa mfukoni mwangu, na siku ile ilikatwa kwenye likizo yangu.

Nilipomweleza rafiki yangu mmoja tuliyesoma naye chuo kikuu, alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena aliuliza: "We bwana, hiyo si kazi ya wazungu waliostaafu?"

Sikuwa na jibu la haraka. Leo ninalo, na kwa kuwa najua yeye husoma hapa, namjibu mbele yenu wote.

Kwanza tuelewane kuhusu hesabu yenyewe. Kila Januari, katika nchi zaidi ya 100, watu hujitokeza kuhesabu ndege wa majini: kwenye maziwa, mabwawa, midomo ya mito na fukwe. Kazi hiyo ilianza mwaka 1967 na huratibiwa na shirika la Wetlands International. Afrika tulijiunga kwa utaratibu wetu mwaka 1991. Hapa Kenya, Makumbusho ya Taifa, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori na Nature Kenya ndio wanaoshughulika nayo. Lakini hao ni wa kuratibu tu. Wanaoingia matopeni ni watu wa kujitolea, na wasipojitokeza hakuna hesabu.

Kwa nini Januari? Kwa sababu huko kaskazini ni majira ya baridi. Barafu imefunika ardhi, wadudu hakuna, minyoo haipatikani, na ndege wenye akili zao wameshaondoka. Wenzetu wa Ulaya wanawaita ndege wa majira ya baridi. Mimi nilicheka niliposikia hivyo, maana Januari pale Watamu jua linakuchoma mpaka kwenye nyayo. Lakini ndio hao hao. Baridi yao imewaleta kwenye joto letu.

Chukua mmoja tu. Kuna kitwitwi mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kwa chini, ambaye wataalamu humwita Calidris ferruginea. Huzaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia, kwenye rasi ya Taimyr na maeneo ya jirani, ambako mti hauoti. Uzito wake ni kama gramu 60, yaani yai moja la kuku. Yai hilo lina mabawa, na linasafiri kutoka Siberia mpaka matope ya Mida bila pasipoti na bila kuombwa kitu kidogo kwenye kizuizi chochote. Likishanenepa, mwezi wa nne au wa tano linarudi.

Mwingine ni yule ndege mla kaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu kama mchezaji wa mpira wa vikapu na mdomo mnene mweusi ulioumbwa kwa kazi ya kuvunja magamba. Huyu ana habari zake. Hutagia kwenye fukwe za Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia. Huchimba shimo mchangani, hutaga yai moja jeupe, na joto la mchanga humsaidia kulilea. Akimaliza uzazi anashuka na pwani yetu. Anakuwa kwetu wakati wa kaskazi na kusi ikikaribia huondoka. Msomaji wa Pwani ameshatabasamu, kwa sababu njia hiyo na majira hayo ndiyo ya majahazi yaliyotuletea halua na tende, na baadhi ya babu zetu. Ndege huyu alikuwa anaijua safari ya Oman kabla ya nahodha yeyote.

Hayo nimeyajua sasa. Siku ile alfajiri, nilipofika Mida, sikujua hata moja.

Kwa wasiopajua, Mida ni hori, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu kusini mwa Watamu, umezungukwa na mikoko, na ng'ambo ya barabara kuu upo msitu wa Arabuko-Sokoke. Maji yakijaa unaona ziwa. Yakipwa unaona uwanja wa mchanga na matope usio na mwisho, na juu ya uwanja huo chakula: kaa, minyoo, konokono. Ndege huenda huko kama sisi tunavyoenda kibandani saa saba mchana.

Tulikuwa watu tisa. Mwalimu wa shule ya msingi, vijana wawili wanaoongoza watalii, mama mmoja wa kikundi cha kupanda mikoko, wanafunzi watatu wa chuo, mzee mmoja mvuvi aliyeacha bahari kwa sababu ya magoti, na mimi mwandishi wa habari nisiyejua kushika darubini. Wazungu? Hakuwepo hata mmoja. Rafiki yangu, hilo ni jibu la kwanza.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia yule mvuvi.

"Marahaba mwanangu. Umekuja kupiga picha au kuhesabu?"

"Kuhesabu."

"Basi vua viatu."

Saa ya kuhesabu haipangwi na mtu. Hupangwa na maji. Maji yakipwa kabisa ndege hutawanyika kila upande na huwezi kuwakamata kwa macho. Inabidi ungoje yaanze kujaa. Yanapopanda, yanawasukuma kidogo kidogo, uwanja unazidi kuwa mdogo, mpaka wote wanajikusanya kwenye vipande vichache vya mchanga vilivyobaki juu. Hapo wanasimama, wengi kwa mguu mmoja, wakielekea upepo. Una dakika chache tu. Mwewe akipita, au mtumbwi ukikatiza, wote wanaruka na kazi inaanza upya.

Nikapewa kundi langu la kwanza. Nikahesabu kwa bidii, kidole kikicheza hewani kama cha kondakta. Nikatangaza kwa sauti ya mtu mwenye shahada: "140!"

Mwalimu alikuwa amepata 212. Mzee, 215.

Hakuna aliyenicheka. Walisema tu, "Turudie." Tukarudia. Mara ya pili nilipata 190, na nakiri hapa kwamba sikuwa nimehesabu sawasawa. Nilikuwa nimeshasikia jibu lao, na macho yangu yakaanza kulitafuta. Mzee alinitazama kidogo akaniuliza swali ambalo limenifuata mpaka leo: "Mwanangu, unahesabu unachokiona au unachokitaka?"

Kisha akanifundisha. Hesabu ndege kumi kwanza, mmoja mmoja. Tazama kumi hao wanajaza nafasi kiasi gani. Halafu beba nafasi hiyo kwa macho uipitishe juu ya kundi zima: kumi, ishirini, thelathini. Kundi likiwa kubwa, beba hamsini. Wahesabu wawili wahesabu bila kuambiana, ndipo walinganishe. Wakitofautiana sana, wanarudia. Mara ya tatu nilipata 208, na safari hii ilikuwa yangu.

Jambo la pili lilitokea kwenye fomu. Nilipewa kazi ya kuandika, maana angalau hati yangu inasomeka. Kuna ndege mmoja aliyekuwa kwenye orodha ambaye asubuhi ile hatukumwona kabisa. Nikaacha nafasi yake wazi, nikaendelea. Mwalimu akanirudisha.

"Kaka, hapa umeacha pengo. Andika sifuri."

"Si ni kitu kimoja tu, dada?"

"Si kimoja. Pengo maana yake hatukutazama. Sifuri maana yake tulitazama, na hakuwepo."

Wandugu, nilikaa miaka minne chuoni nikifundishwa uandishi wa habari, na hakuna mhadhara ulionieleza kazi yangu kwa ufupi namna hiyo.

Niwaambieni kitu ambacho hatupendi kukisema sisi wa magazeti. Niliwahi kutumwa kwenye mkutano wa hadhara. Niliandika kwamba mamia ya wakazi walihudhuria. Sikuwa nimehesabu, nilitupa jicho tu. Kesho yake gazetini mamia yalikuwa yamekuwa maelfu. Nilipouliza, niliambiwa kichwa cha habari kilikuwa kinahitaji uzito. Nikanyamaza, jina langu likiwa juu ya habari ile. Sasa fikiria: watu tisa wasiolipwa wanarudia hesabu mara tatu kwa ajili ya vitwitwi watano au kumi, na mimi ninayelipwa mshahara nilishindwa kuhesabu watu wazima waliosimama mbele yangu.

Tukirudi kwenye historia, rafiki yangu hakukosea kabisa. Desturi ya raia kutoka nyumbani kuhesabu ndege ina mizizi Marekani. Zamani huko kulikuwa na mchezo wa Krismasi ambapo watu waligawana makundi wakaingia porini na bunduki, na kundi lililorudi na mizoga mingi ndilo lililoshinda. Mwaka 1900 mtaalamu mmoja wa ndege wa makumbusho ya New York, Frank Chapman, akapendekeza wabadilishe: badala ya kuua, wahesabu. Siku ya Krismasi ya mwaka huo walijitokeza watu 27 tu. Leo ni makumi ya maelfu kila mwaka, na hesabu ile haijakatika kwa zaidi ya miaka 120. Watu wa kawaida, karani na mwalimu na fundi, wamejenga kumbukumbu ambayo hakuna serikali ingemudu kuigharamia.

Lakini jambo kuwa limeanzia kwa wengine halilifanyi kuwa lao milele. Kandanda ilianzia wapi? Na nani leo Kilifi atakubali kuambiwa kwamba kandanda ni kazi ya wazungu?

Sasa tuje kwenye lenyewe. Hesabu hii ina faida gani? Maana unaweza kuniambia: umefundishwa unyoofu, hongera, lakini ndege wakihesabiwa wasipohesabiwa, bei ya unga inabaki pale pale.

Nakujibu kwa mfano wa ndege mmoja aliyekosa bahati. Kulikuwa na sululu mwenye mdomo mwembamba, Numenius tenuirostris, aliyezaliana Siberia na kukimbilia pande za Bahari ya Kati na Afrika Kaskazini wakati wa baridi. Mara ya mwisho alipoonwa kwa uhakika ilikuwa Morocco mwaka 1995. Baada ya hapo watu walitafuta mwaka baada ya mwaka wakaandika sifuri, na sifuri, na sifuri. Oktoba 2025 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, likatangaza rasmi kwamba ametoweka duniani. Alipoanza kupungua, waliokuwa wakimfuatilia walikuwa wachache mno. Dunia iliposhtuka, hakukuwa na wa kuokoa.

Na yule kitwitwi wangu mwenye uzito wa yai? Oktoba 2024, IUCN hao hao walimpandisha ngazi, wakamweka katika kundi la ndege walio hatarini kutoweka. Siku hiyo hiyo alipandishwa pia kitwitwi wa kijivu mwenye kwapa jeusi, Pluvialis squatarola, ambaye naye huja Mida. Walijuaje kwamba wanapungua? Hakuna setilaiti inayoweza kuona ndege wa gramu 60. Walijua kwa kulinganisha fomu. Fomu zilizojazwa na watu wenye miguu yenye tope, katika nchi nyingi, miaka mingi. Fomu kama ile niliyoiandika mimi.

Bado unaniambia ni mambo ya ndege. Haya, tuzungumze mambo ya watu.

Upo Mkataba wa Ramsar, unaolinda maeneo oevu, na Kenya tumo ndani yake tangu mwaka 1990. Mkataba huo una vipimo vya kuamua kama mahali pana umuhimu wa kimataifa, na viwili kati ya hivyo ni vya hesabu tupu. Kama panapokea kwa kawaida ndege wa majini 20,000, panapita. Au kama panapokea asilimia moja ya ndege wote wa aina moja, panapita. Turudi kwa yule mla kaa. Wanakadiriwa kuwa kati ya 60,000 na 80,000 duniani kote. Asilimia moja ni kama 600 mpaka 800. Yaani mzee mwenye magoti mabovu, akisimama mahali pamoja Januari baada ya Januari na kuandika kwa unyoofu kwamba ameona mla kaa 800, anaweza kuubadilisha uwanja wa matope kuwa mahali ambapo dunia nzima inapaswa kupaheshimu. Asipoandika, patabaki matope, na matope siku zote huwa na mnunuzi.

Hili si la kufikirika. Mnaikumbuka Delta ya Tana? Mwaka 2008 kulikuwa na mpango wa kuigeuza sehemu kubwa ya delta ile kuwa mashamba ya miwa. Wafugaji na wakulima walipinga, wahifadhi wakapinga, kesi zikafika mahakamani. Mwaka 2012 delta ikaingizwa kwenye orodha ya Ramsar. Ndege wake walikuwa sehemu ya hoja, na ndege hao walikuwa na nambari kwa sababu kuna watu walikuwa wamejisumbua kuwahesabu.

Kisha ikaja Uyombo. Kijiji hiki kiko pale pale, upande wa pili wa mdomo wa Mida. Serikali ilipachagua kuwa pa kujenga kinu cha kwanza cha nyuklia nchini, cha megawati 1,000. Mei 2024 wakazi waliandamana, polisi wakawatawanya kwa nguvu. Mwaka 2025 macho ya serikali yakahamia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Sisemi kwamba ndege ndio waliokizuia kinu. Waliosimama barabarani ni watu, na waliopigwa ni watu. Wala sisemi kwamba kila mradi ni mbaya. Mimi pia hukaa gizani umeme ukikatika. Ninachosema ni hiki: siku mradi unapokuja, unakuja na makabrasha. Mhandisi ana nambari, mwekezaji ana nambari, wizara ina nambari. Mwanakijiji anaulizwa, "Hapa pana nini?" Akijibu "pana ndege wengi na samaki wengi", ameshashindwa. "Wengi" haiingii kwenye jedwali. Akijibu kwa aina, idadi na mwaka, inabidi ajibiwe.

Mtu asiye na hati ya kumiliki ardhi ana njia chache za kuthibitisha kwamba mahali pake ni mahali. Kuhesabu ni mojawapo.

Sasa malalamiko, maana nisipoyasema mtadhani nimelipwa.

La kwanza ni la posho. Nchi hii tumezoea kwamba hakuna mkutano bila bahasha. Mtu akiitwa kwenye semina ya usafi wa soko, kabla ya kuuliza usafi anauliza nauli. Kwa hiyo watu wanaojitolea bila chochote tunawaona ama wajinga ama wana lao. Mimi nilimuuliza yule mama wa mikoko kwa nini anakuja. Alinishangaa. "Mikoko tunapanda sisi. Ndege wakija ni dalili kwamba matope yana uhai, na matope yakiwa na uhai samaki wadogo wapo, na mume wangu ni mvuvi. Kwani nahesabu ya nani?" Halafu kuna daraja la kamba lililojengwa kati ya mikoko pale Mida, ambapo mgeni hulipa kiingilio kwenda kutazama ndege, na fedha hizo huchangia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyouzunguka msitu. Kwa hiyo kuna mtoto amemaliza kidato cha nne kwa sababu kitwitwi alitoka Siberia. Ukiliangalia hivyo, "bila malipo" si neno sahihi sana.

Hata hivyo, na hapa naomba wahusika wanisikie, kujitolea kusiwe kisingizio cha kuwanyonya watu. Tulikuwa na darubini tatu kwa watu tisa, mojawapo ikiwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli. Yule mzee alikuja kwa bodaboda kwa fedha yake. Mtu anayejitolea muda wake hapaswi kulipia pia nauli, chai na darubini. Kaunti ambayo kila mwaka hutumia ndege hao hao kwenye vipeperushi vya utalii haiwezi kushindwa na darubini kumi na mandazi.

La pili ni la lugha. Fomu ni ya Kiingereza, majina ya ndege ni ya Kiingereza. Mzee yule anawajua ndege hawa tangu akiwa mtoto, anajua yupi hufika mapema, yupi hulala wapi, yupi akiruka ujue maji yanageuka. Kwenye fomu anaonekana mgeni, inabidi kijana wa watalii amtafsirie. Kwa Kiswahili tunasema "kitwitwi" tunamaliza, kumbe ni ndege zaidi ya kumi. Majina ya wavuvi yapo, ya Kigiriama, ya Kibajuni, ya Kiswahili cha Lamu na Vanga. Hakuna aliyeyakusanya akayaweka kwenye fomu. Hiyo kazi haihitaji mfadhili kutoka Uholanzi. Inahitaji wanafunzi wa Kiswahili wenye daftari, na wako humu wanasoma.

La tatu, matokeo. Watu wanahesabu, fomu zinaondoka, zinarudi kama ripoti nene ambayo haifiki Mida. Mwalimu aliniambia angependa kubandika darasani karatasi moja tu: mwaka jana kadhaa, mwaka huu kadhaa. Karatasi moja! Mtu aliyehesabu ana haki ya kujua jumla.

Haya matatu yakirekebishwa, rafiki yangu hataweza tena kusema ni kazi ya wazungu. Na yasiporekebishwa, naogopa kitu kimoja. Naogopa kwamba Januari moja watu tisa watakuwa watano, halafu wawili, halafu kutakuwa na pengo. Mwaka ukishapita bila kuhesabiwa, umepita. Huwezi kurudi Januari ya mwaka juzi na darubini. Na baadaye mtu akija na makabrasha yake, ataonyesha pengo lile na kusema: mnaona, hapakuwa na kitu.

Kwa hiyo, rafiki yangu uliyecheka mpaka simu ikakatika, na wewe msomaji wa Nairobi, Dar, Mombasa au popote ulipo penye ziwa, bwawa la maji taka (ndiyo, ndege wanayapenda sana), mdomo wa mto au ufuko: Januari inakuja. Huhitaji shahada. Mimi ninayo na nilikosea kwa ndege zaidi ya 70. Unahitaji macho, kofia, na moyo wa kukubali kurudia. Nenda mwaka wa kwanza ukawe mzigo kama mimi. Mwaka wa pili utakuwa na faida.

Tulipomaliza siku ile maji yalikuwa yamejaa kabisa, Mida imekuwa ziwa, na ndege wamesimama kimya kwenye kipande chao cha mwisho wakingoja yapwe. Mzee alikuwa anapangusa miguu. Nikamuuliza kama mwaka ujao atakuwepo.

"Hao wakija, nitakuja," alisema. "Wametoka mbali, mwanangu. Haifai mgeni afike asikute mtu."

Kuhusu ule mkutano wa hadhara, siwezi kurudi kuhesabu. Lakini tangu nirudi Mombasa, nikitumwa mahali penye watu nahesabu kumi wa kwanza, nabeba nafasi yao kwa macho, naipitisha juu ya umati. Wiki jana niliandika "watu wapatao 180". Mhariri aliniuliza kwa nini nisiandike mamia. Nikamwambia kwa sababu nilihesabu.

Naomba kuwasilisha. Mwenye majina ya ndege wa pwani kwa lugha ya kwao aniandikie, nimeshafungua daftari.